Akili mnemba bila bando: Piga hesabu kabla ya kununua kompyuta

Jumapili ya Mei 12, mwaka 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hitilafu ilikuwa mbali sana na Shinyanga, lakini intaneti ilizorota nchi nzima. Mwaka uliofuata, kuanzia Oktoba 29, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa.

Mfanyabiashara wa dengu wa Kahama au mnunuzi wa dhahabu wa Geita ambaye kila kitu chake kimo kwenye mtandao anajua siku kama hizo zinavyokwenda. Kazi inasimama, na bando alilolipia halimsaidii.

Ndiyo maana swali hili linawahusu wakulima na wafanyabiashara wa kanda hii: je, inawezekana kuwa na akili mnemba ndani ya kompyuta yako mwenyewe, ikafanya kazi ofisini hata kama intaneti haipo?

Inawezekana, na wala haihitaji mashine ya mamilioni mengi. Swali gumu ni jingine, nalo ni la kiuchumi. Inamlipa nani, na kwa kazi ipi?

Wengi tunaijua akili mnemba kupitia simu. Unauliza swali, swali linasafiri hadi kwenye kompyuta kubwa zilizoko ng'ambo, jibu linarudi. Ukiwa huna bando, huna jibu.

Mwaka 2023 mambo yalianza kubadilika. Februari mwaka huo kampuni ya Meta ya Marekani ilitoa kwa watafiti modeli yake iitwayo Llama. Mwezi uliofuata mtaalamu wa programu kutoka Bulgaria, Georgi Gerganov, alitoa programu iitwayo llama.cpp, ambayo iliwezesha modeli za aina hiyo kufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Tangu hapo zimefuata modeli nyingi unazoweza kuzipakua bila malipo: Mistral ya Ufaransa, Qwen ya China, Gemma ya Google na nyinginezo.

Modeli yenyewe ni faili tu, kama lilivyo faili la filamu. Ukishaliweka kwenye kompyuta, linabaki humo na halidai chochote.

Shambani si jambo geni

Wapo wakulima ambao tayari wametumia akili mnemba isiyohitaji intaneti bila kuiita hivyo. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na taasisi ya utafiti ya IITA, hutazama jani la muhogo kupitia kamera na kueleza kama lina batobato au michirizi ya kahawia. Hufanya kazi hiyo ndani ya simu yenyewe, katikati ya shamba ambako hakuna mnara wa simu.

Msingi wake uliwekwa hapa nchini. Watafiti walipiga picha za majani ya muhogo katika mashamba ya Tanzania, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia picha 2,756. Kwenye picha hizo kompyuta ilitambua magonjwa kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90.

Hata hivyo, utafiti uliofuata, wa mwaka 2019, ulionyesha kuwa modeli hiyo ilipowekwa kwenye simu na kupelekwa shambani, ufanisi wake ulishuka, hasa pale dalili zilipokuwa bado changa. Msomaji ashike hilo, kwa sababu litatusaidia mbele. Mashine iliyofaulu mtihani wa maabara si lazima ifaulu shambani Nyang'hwale.

Kwa mkulima mmoja mmoja wa muhogo au mahindi, programu ndogo ya simu kama hiyo inatosha. Mwenye ekari tatu za pamba Kishapu hana sababu ya kununua kompyuta ili aongee nayo. Fedha hiyo ni bora iende kwenye mbegu, mbolea na palizi ya wakati.

Kompyuta inaanza kuwa na maana pale penye makaratasi mengi: ofisi ya AMCOS, duka la pembejeo lenye wateja wa mkopo, kinu cha mpunga, au kikundi cha wachimbaji wadogo chenye leseni yake kule Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo.

Nunua RAM, usinunue jina

Anayekwenda dukani kwa ajili ya kazi hii asishangazwe na jina la kompyuta wala stika iliyobandikwa juu yake. Kitu cha kwanza kuuliza ni RAM, yaani ile memori ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi.

Modeli hupimwa kwa idadi ya vigezo vyake, ambavyo huhesabiwa kwa mabilioni. Zinapobanwa kwa kiwango kinachotumika sana, kila vigezo bilioni moja huhitaji nafasi ya kama nusu gigabaiti au zaidi kidogo. Modeli ya Gemma 3 yenye vigezo bilioni 4, iliyotolewa Machi 2025, ni faili la takribani gigabaiti 3.3. Ile ya bilioni 12 ni takribani gigabaiti 8.

Faili lote linapaswa kuingia kwenye RAM, na ibaki nafasi kwa ajili ya kompyuta yenyewe. Hivyo, mwenye RAM ya gigabaiti 8 atatumia modeli za bilioni 3 au 4. Mwenye gigabaiti 16 atakwenda hadi bilioni 8, na kwa kubanana, bilioni 12. Chini ya gigabaiti 8 usijisumbue.

Jambo la pili ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba RAM ya vipande viwili ni bora kuliko ya kipande kimoja chenye ujazo uleule. Sababu ni hii. Ili itoe neno moja, kompyuta hulazimika kuisoma modeli yote mwanzo hadi mwisho, kama kuli anayelazimika kulizunguka ghala zima kabla ya kutoa kila gunia. Vipande viwili ni sawa na ghala lenye milango miwili.

Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4 hupitisha takribani gigabaiti 21 kwa sekunde. Ukigawa kwa modeli ya gigabaiti 3, unapata vipande vya maneno visivyozidi saba kwa sekunde, na kwa kawaida ni pungufu ya hapo. Kwa vipande viwili kiwango hicho huongezeka karibu mara mbili. Maneno ya Kiswahili, kwa jinsi modeli hizi zilivyotengenezwa, hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo jibu la Kiswahili huchelewa zaidi. Si mwendo wa gari, lakini kwa barua ya ukurasa mmoja unavumilika.

Kadi ya picha, ile inayotumiwa na wacheza michezo ya kompyuta, huongeza kasi mara nyingi. Lakini huongeza gharama na umeme vilevile, na kwa ofisi ya AMCOS sioni hesabu yake.

Kwa upande wa umri, tafuta kompyuta ambayo prosesa yake ya Intel si ya kabla ya kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2013, kwa sababu baadhi ya programu za kazi hii hazikubali zilizotangulia. Kizazi cha nane na kuendelea ni bora zaidi. Diski iwe ya SSD.

Kuna habari njema na mbaya kwa mnunuzi wa mitumba. Njema ni kwamba Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, jambo linalozifanya ofisi nyingi za ng'ambo kuachana na kompyuta ambazo bado ni nzima. Nyingi ya hizo zinaweza kuwekewa Linux, ambayo hailipiwi. Mbaya ni kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda duniani, kwa sababu kampuni kubwa za akili mnemba zilikuwa zinainunua kwa wingi. Kwa hiyo ni heri ununue kompyuta ambayo RAM yake imeshatimia kuliko kupanga kuongeza baadaye.

Kuweka modeli

Programu zinazotumika sana kuendesha modeli hizi ni mbili, Ollama na LM Studio, na zote hupatikana bure. LM Studio ina kurasa na vitufe vya kubonyeza, hivyo inamfaa zaidi katibu ambaye hajazoea kuandika amri. Kwenye Ollama unaandika amri moja tu, ollama run gemma3:4b, nayo inapakua modeli na kuanza kazi.

Hapa ndipo intaneti inapohitajika, mara moja tu. Njia rahisi ni kuibeba kompyuta hadi mahali penye intaneti nzuri, Shinyanga mjini, Kahama au Geita, ukaweka kila kitu na kuijaribu hukohuko kabla ya kurudi nayo kijijini.

Wanaotaka kuhamisha faili kwa flashi wakumbuke jambo dogo ambalo hupoteza siku nzima. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4 hata kama flashi ina nafasi ya gigabaiti 64. Mwambie fundi aiandae upya kwa mfumo wa exFAT.

Umeme si gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya picha, ikitumia wati 100 kwa saa nne kwa siku na siku 25 kwa mwezi, inamaliza uniti 10. Tukikadiria Sh360 kwa uniti, ni Sh3,600 kwa mwezi. Kinachoua mashine ni umeme kupanda na kushuka, hasa pale ambapo laini moja inatumiwa pia na karasha za kusagia mawe au mashine za kukoboa. UPS si anasa, na vumbi la kiangazi lipulizwe kila mwezi.

Hesabu ya AMCOS

Tuchukue mfano wa AMCOS ya pamba yenye wanachama 400. Tuseme kompyuta iliyotumika yenye RAM ya gigabaiti 16, pamoja na UPS na kazi ya fundi, inafika Sh1.2 milioni. Bei halisi itategemea duka na siku. Ikigawanywa, ni Sh3,000 kwa kila mwanachama. Ikidumu miaka mitatu, ni Sh1,000 kwa mwaka.

Lakini unafuu wa mgao siyo faida. Tuseme kila safari ya katibu kwenda mjini kuchapisha barua, kutafsiriwa mkataba au kuandaa taarifa inagharimu Sh20,000 kwa nauli, chakula na malipo ya stationari. Ili kurudisha Sh1.2 milioni ndani ya miaka mitatu, kompyuta lazima iokoe safari 20 kila mwaka. Ukiongeza umeme, zinafika 22. AMCOS inayofanya safari tano kwa mwaka haina haja nayo. Yenye kusafiri kila wiki msimu wa ununuzi inayo.

Mwenye duka mjini ambaye intaneti yake ni nzuri na hana siri ya kutunza, atumie huduma za mtandaoni zisizolipiwa. Nalisema hili bila kuficha: zile modeli kubwa za ng'ambo zinajua Kiswahili vizuri zaidi kuliko hizi ndogo. Anayelipia huduma kama ChatGPT Plus hutoa dola 20 kwa mwezi, yaani kama Sh50,000, na kwa mwaka ni Sh600,000. Huyo ndiye anayeweza kulinganisha na bei ya kompyuta.

Kazi ipi, na ipi hapana

Modeli ndogo inafanya vizuri kazi za maneno: kuandika upya muhtasari wa mkutano ulioandikwa harakaharaka, kuandaa barua kwenda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, kufupisha waraka mrefu, kueleza kwa Kiswahili mkataba ulioletwa kwa Kiingereza. Hili la mwisho lina uzito katika ukanda wa dhahabu, ambako mwenye leseni ndogo huletewa na mwekezaji karatasi kumi za Kiingereza na kutakiwa kusaini siku hiyohiyo. Kompyuta haitakuwa wakili wake, lakini itamwonyesha ni kifungu kipi cha kumpelekea wakili.

Kazi ya hesabu usiipe. Modeli hizi hubuni jibu la kujumlisha kwa namna ileile zinavyobuni neno linalofuata, na zinaweza kukosea kilo za mkulima huku zikiandika kwa ufasaha wa kutia moyo. Kilo, bei na makato vibaki kwenye jedwali la Excel au LibreOffice. Modeli iandike barua inayofuatana na jedwali hilo, basi.

Kazi ya pili ya kutoipa ni vipimo vya viuatilifu. Ukiiuliza kiasi cha dawa ya funza wa vitumba kwa bomba la lita 20, itakujibu bila kusita, na huenda jibu limetoka kwenye kitabu cha nchi nyingine au halikutoka popote. Kosa la hapo linalipwa kwa pamba iliyoungua au afya ya mpulizaji. Kipimo kinasomwa kwenye lebo ya dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na mashaka yanapelekwa kwa afisa ugani au kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru, Misungwi.

Lugha nayo ni kikwazo. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyozifunza modeli hizi ni ya Kiingereza. Dumuzi, mdudu mharibifu wa mahindi aliyegunduliwa mkoa jirani wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi wanamwita Scania. Iulize modeli namna ya kuzuia Scania ghalani na usishangae ikikushauri juu ya maegesho ya malori. Kuhusu Kisukuma, lugha ya walio wengi katika mikoa hii, usiitegemee kabisa.

Juhudi za kuziba pengo hilo zipo. Jacaranda Health ya Kenya, inayoshughulika na afya ya mama wajawazito, ilitoa mwaka 2023 modeli ya Kiswahili iitwayo UlizaLlama yenye vigezo bilioni 7. Mwaka 2024 kampuni ya Lelapa AI ya Afrika Kusini ilitoa InkubaLM, ndogo mno, ikijumuisha Kiswahili miongoni mwa lugha tano za Afrika. Zote zinapakuliwa bure, ingawa kwa kazi za ofisi bado ni vema kuzilinganisha na Gemma kabla ya kuchagua.

Daftari ni mali

Ipo sababu moja ya kununua ambayo haimo kwenye hesabu ya safari. Daftari la AMCOS lina majina, namba za simu, ukubwa wa mashamba na madeni ya watu. Kitabu cha mnunuzi wa dhahabu kinaonyesha nani aliuza gramu ngapi na lini. Kuyapeleka hayo kwenye kompyuta za ng'ambo ili yafupishwe ni kuyatoa nje ya mkono wako.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti kwa anayekusanya taarifa za watu na kwa anayezisafirisha nje ya nchi. Kuwa na modeli ofisini hakumwondolei mtu wajibu wa kufuata sheria hiyo, ila kunapunguza mahali pa kukosea. Kompyuta iwe na nywila na chumba kiwe na kufuli.

Wazee wa Usukuma wanaifahamu hoja hii kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiwa na mashaka na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na vuguvugu hilo, likiongozwa na Paul Bomani, ndipo ulipozaliwa mwaka 1955 muungano wa ushirika wa Victoria Federation. Hawakukataa mizani. Walitaka na wao wawe na wa kwao.

Kabla ya kulipa

Atakayeamua kununua afanye jaribio dukani mbele ya muuzaji. Zima intaneti kabisa. Andaa maswali matano ambayo majibu yake unayajua: kwa mfano, aya ya mkataba wa zamani uliokwishafafanuliwa na wakili, muhtasari wa mkutano uliohudhuria, barua uliyowahi kuandika. Pima kwa saa inachukua dakika ngapi kujibu. Ikidai intaneti, hiyo si mashine uliyoifuata.

Kwa AMCOS, ununuzi huu uingizwe kwenye makisio na kupelekwa mkutano mkuu wa wanachama kabla msimu wa kununua pamba haujafunguliwa, ambao kwa kawaida huanza mwezi Mei. Katibu apewe angalau mwezi mmoja wa kujifunza akiwa hana foleni ya wakulima mlangoni.